Mlango wa Mbele wa Bibi Sigfrida

Sogeeni karibu, ila angalieni mnapokaa, maana hadithi hii bado mbichi na itawachafua nguo. Ina watu watatu, mlango mmoja na chumba kimoja. Mimi nimeshindwa kuiamua, ndiyo maana nimewaletea nyie.

Kule Mufindi, kwenye baridi na ukungu, wapo watu waliojenga nyumba za mbao, zenye baraza la mbao na uzio wa mbao. Zikiwa mpya zinapendeza. Masika yakipita mara mbili tatu zinakuwa nyeusi, zinaota kuvu, zinateleza utadhani zimepakwa mlenda. Hapo ndipo wanapoitwa Gaudensia, Vitalis na Osmund. Hawana kibao wala ofisi. Watu huwaita wale wa baraza, basi.

Gaudensia ndiye mwoshaji, na kipaji chake kiko masikioni. Anasugua kwa brashi ya mkono na maji ya magadi, kichwa ameinamisha kama anayesikiliza umbea. Brashi ikibadilisha sauti, anajua uchafu umekwisha na mbao imeanza. Wengine hutumia mashine ya kurusha maji, wakazichana mbao nyuzi nyuzi. Yeye hajawahi kuchana hata uzio wa banda la kuku.

Vitalis ni fundi wa randa na msasa, na kipaji chake kiko viganjani. Anapitisha kiganja juu ya ubao huku amefumba macho, halafu anakwambia msumari upi umelegea na ubao upi umeoza kwa chini ingawa juu unacheka. Ukimbishia ataung'oa akuonyeshe, kisha atakusubiri umwombe radhi.

Osmund ndiye wa rangi, na kipaji chake kiko machoni. Mpe kipande kidogo kilichofichwa na bawaba tangu nyumba ijengwe, atakuchanganyia mafuta ya rangi ileile. Ubao mpya akiupaka katikati ya wakongwe, hutaujua tena.

Nitakaa karibu na Osmund kuliko wenzake. Si upendeleo. Ni kwa sababu yeye ndiye huondoka mwisho.

Kupaka sakafu ya baraza kunaanzia mlangoni na kuishia kwenye ngazi. Mpakaji anarudi kinyumenyume, ubao kwa ubao, na akimaliza ule wa mwisho anajikuta nje, nyumba iko ng'ambo ya mafuta mabichi ambayo hayakanyagwi mpaka yakauke. Mwenye nyumba anampungia mkono dirishani. Hata kama ana moyo mzuri namna gani, hawezi kutoka kumsindikiza. Na nyie mnajua mgeni kuachwa aondoke bila kusindikizwa hata hatua mbili kunavyouma. Osmund aliyajua mabaraza ya nusu ya Mufindi, lakini sebule hakuijua hata moja.

Kwake alipanga chumba mjini Mafinga. Jumapili aliweza kuimaliza bila kutamka neno, jioni akazungumza na makopo yake ya rangi ili tu asikie kama sauti bado ipo. Alikuwa mpweke, tusizunguke.

Wenzake hawakuwa na nafuu. Gaudensia alilala jikoni kwa wifi yake, akiwasikiliza wa chumbani wakicheka. Mume wake alikwenda Songea kutafuta maisha, na inaelekea aliyapata, kwa sababu hakurudi. Vitalis alifiwa na mkewe, akahamia kibanda cha kiwanda cha kupasulia mbao, mahali ambapo kila mtu anamwita fundi. Jumapili moja jina lake lilitajwa kanisani kwenye matangazo, akageuka nyuma kumtafuta huyo Vitalis ni nani.

Jioni waliagana njia panda, kila mtu akashika yake. Walizungumza magadi, msasa, mvua. Hayo mengine hakuna aliyemwambia mwenzake.

Sasa twende kwa Bibi Sigfrida. Mume wake, Mzee Kalinga, alipofariki, watu walijaa kwenye baraza lake wakakaa msibani. Arobaini ilipokwisha walikunja mikeka yao wakaondoka, na bibi akashusha komeo la mlango wa mbele. Tangu siku hiyo alihamia upande wa jikoni. Mgeni akija anabisha mbele kama mtu mwenye adabu zake, bibi yuko nyuma hasikii, mgeni anarudi akisema bibi hataki watu. Bibi naye kule jikoni anasema watu wamenisahau. Wote walikuwa wakweli, na miaka ikapita.

Mwisho katekista aliteleza kwenye mbao zile akatua kwa makalio mbele ya wanakwaya. Jumuiya ikaanza kuiruka nyumba hiyo kwenye zamu za sala. Hapo ndipo bibi alipowaita wale wa baraza.

"Kamwene, bibi," wakamsalimu kwenye mlango wa jikoni.

"Kamwene, wanangu. Nataka pasiteleze tu, mtu asije akavunjika nyonga kwangu. Kufungua sifungui. Mlango ule ulishakufa na mwenyewe."

Gaudensia akaanza. Alisugua kuanzia kwenye ngazi, maji meusi yakitiririka chini kwenye majani. Alipofika pembeni ya mlango, brashi ikabadilisha sauti, halafu ikabadilisha tena, chini zaidi. Mwingine angeendelea. Yeye aliacha, akamwaga maji safi, na maji yakatuama kwenye vibonde viwili vidogo vilivyolala sambamba. Akazunguka mpaka jikoni.

"Bibi, pale pembeni ya mlango alikuwa anakaa nani?"

"Kwa nini unauliza?"

"Miguu yake ipo."

Bibi aliweka chini ungo aliokuwa anapepetea. Ndipo alipokwenda chumba cha mbele, akavuta pazia, akatazama kwenye kioo cha dirisha. Ni kweli. Mzee Kalinga alikuwa na benchi lake hapo, na jioni zote za ndoa yao alisugua visigino kwenye mbao zilezile huku akimsimulia mambo. Bibi alisimama mpaka pumzi yake ikafunga ukungu kwenye kioo. Pazia hakulirudisha.

Vitalis akafuata. Aling'oa ubao uliooza akaweka mpya, akagonga misumari iliyochungulia, akapiga msasa sakafu nzima iwe sawasawa. Kwenye vile vibonde alisimama, akaweka kiganja humo muda mrefu, akakunja karatasi ya msasa kwa vidole na kuzunguka pembeni tu. Halafu akautazama mlango. Kizingiti kilikuwa kimevimba kwa unyevu kikaung'ang'ania ubao wa chini, hata ungetoa komeo usingefunguka. Hakuna aliyemtuma kukigusa. Akakipiga randa kidogo kidogo, akatia mafuta bawaba, kisha akapitisha karatasi chini ya mlango, ikateleza yote mpaka ndani.

"Sasa kufungua ni hiari yake," akamwambia Gaudensia, wakaenda kushughulikia uzio.

Osmund akaja na makopo yake. Chini ya bawaba alikuta rangi ya zamani, kahawia yenye wekundu kwa mbali, akaichanganya mpaka ikakubali. Akachovya brashi, akapiga magoti, akaanza. Na hapa sikilizeni vizuri. Alianzia kwenye ngazi.

Alipaka akielekea mbele, ubao kwa ubao, mawazo yake yakiwa kwenye vile vibonde. Alikuwa akijiuliza mtu anahitaji jioni ngapi na mtu wa kumsikiliza wa namna gani mpaka mbao ibonyee hivyo. Alipofika, vibonde alivipaka kwa kitambaa, taratibu, kisha akainuka, na mgongo wake ukagusa mlango. Mbele yake baraza lote lilikuwa bichi mpaka kwenye ngazi. Tangu ashike brashi alikuwa hajawahi kukosea hivyo, na ni kosa ambalo hata mwanagenzi halifanyi mara mbili. Ukingo wa baraza ulikuwa wa kiunoni, na chini kulikuwa na majani laini.

Akageuka akabisha hodi.

"Nani huko mbele?" sauti ikauliza, karibu kuliko alivyotarajia.

"Ni mimi, bibi. Wa rangi."

"Wa rangi hana jina?"

"Osmund." Akajisikia ajabu kulitamka. "Nimejifungia kwa rangi, bibi. Sina pa kupita."

Alimsikia bibi akihema. Kisha komeo likalalamika, likatoka, na mlango ukafunguka bila kukwaruza, kama vile ulifungwa jana.

Osmund alivua viatu. Alitaka kupitiliza moja kwa moja mpaka jikoni atokee nyuma, lakini bibi akamzuia kwa mkono.

"Aliyeingia kwa mbele ni mgeni. Mgeni kwangu hapitilizi. Kaa hapo, na wale wenzako waite."

Wakakaa sebuleni wote watatu, kwenye viti vyenye vitambaa vilivyofumwa, magoti wameyabana wasije wakachafua. Wakanywa chai. Bibi alimuuliza kila mmoja jina lake, kwao ni wapi na nani anamngoja nyumbani. Kwenye hilo la mwisho wote walitazama vikombe.

Mafuta yalipokauka, walirudi kulitoa nje benchi la mzee. Bibi Sigfrida alikaa, akaweka miguu yake midogo ndani ya vile vibonde vikubwa, akalia kidogo, akanyamaza. Mwanakwaya mmoja aliyekuwa anapita barabarani alimwona akasimama. "Bibi, kumbe upo," akasema, akaingia kumsalimu. Ndipo bibi alipowageukia wale wa baraza.

"Kuna chumba hapa pembeni, mlango wake unatazama baraza hili. Kilikuwa cha mwanangu, na mwanangu ana maisha yake Dodoma. Nataka mmoja wenu aje akae humo. Asilipe kitu. Jioni akirudi, akae hapa aniambie siku yake ilikuwaje."

Wakatazamana. Gaudensia akasema kwa upole, "Bibi, tukibanana hata wawili tungeenea."

"Najua mngeenea. Lakini wawili mtaongea nyie kwa nyie, na mimi nitarudi kusikiliza kupitia ukutani. Nimeshasikiliza ukuta vya kutosha. Nataka mmoja, aongee na mimi." Akainuka kuingia ndani. "Kubalianeni. Komeo sitalishusha. Atakayekuja apite kwa mbele."

Wakabaki kwenye ngazi, ukungu umeanza kushuka kutoka kwenye misonobari. Kwa mara ya kwanza hawakuwa na la magadi wala la msasa.

"Mimi ndiye niliyemwona mzee," Gaudensia akasema akitazama mikono yake. "Nisingesikia, tungepiga msasa vile vibonde, na bibi asingekuwa na sababu ya kusogea hata dirishani. Nimechoka kusikia watu wakicheka upande wa pili wa ukuta. Bibi anaijua hali hiyo, na mimi naijua."

"Sababu aliipata, ndiyo," Vitalis akasema. "Lakini mlango haufunguki kwa sababu. Ulikuwa umekufa kweli, mimi ndiye niliyeufufua, na hakuna aliyenituma. Aliniuliza jina langu mara mbili, mnakumbuka? Akalirudia."

Osmund alikuwa na lake pia. Sababu ilikuwepo, njia ilikuwepo, na komeo bado lilikuwa limeshuka. Lilitoka kwa sababu yeye alibisha. Alitaka kulisema, na alikitaka kile chumba kuliko alivyowahi kutaka kitu, lakini Vitalis alimuwahi.

"Osmund, miaka yote hii unatoka kinyumenyume. Siku ile ulianzaje kwenye ngazi?"

"Sijui."

"Na ukingo huu, ungeweza kuuruka."

"Ningeweza."

Osmund alisema kweli. Alikuwa ameshajiuliza mara nyingi kama mkono ulikosea au ulichoka tu kuondoka, na hakupata jibu.

"Nilikuona ukianza," Vitalis akasema. "Nilikuwa pale kwenye uzio. Ningeweza kukuita."

"Mbona hukuniita?"

"Nilitaka nione kama utafunguliwa."

Gaudensia aligeuza uso akautazama uzio. Hakusema kama na yeye aliona.

Basi, hapo ndipo ninapowaachia, nyie waamuzi wangu. Ndani taa imewashwa, na kwenye benchi, pembeni ya mahali pa bibi, pana nafasi ya mtu mmoja. Mmoja alisikia, na bila yeye bibi asingetaka kufungua. Mmoja alifungua njia, na bila yeye bibi asingeweza. Mmoja alikosea, kama ni kosa, na bila yeye bibi asingefungua kamwe. Huyo wa tatu mnamtoa kwa kuwa hakukusudia, au mnamtoa kwa kuwa alikusudia? Je, ungekuwa wewe, nani ungemwambia apande ngazi?

Haya, amueni. Ila mkishamwingiza mmoja, msibaki mmekaa. Wawili watakuwa wanaelekea njia panda gizani, na mafuta yameshakauka, hakuna tena kisingizio. Nani kati yenu atainuka awasindikize?