Ukoko wa Bi Nungu

Paukwa?
Pakawa.
Sahani ya jirani?
Imejaa kuliko yangu.
Na harufu yake?
Imeniamsha usingizini.
Basi sogeeni karibu.

Sogeeni, lakini wewe hapo mlangoni unayechokonoa meno, kiweke chini kwanza hicho kijiti. Umekula wapi? Mimi leo nimezunguka mtaa mzima sijaona hata mfupa, wewe nyama umeipata kwa nani? Haya, usijibu. Nitasimulia hivyo hivyo na wivu wangu, maana ngano yenyewe ni ya wivu.

Hapo kale alikuwapo Sange. Sange ni yule mnyama mdogo wa vichakani, mwili wa panya, pua ndefu kama mrija. Hana nguvu, hana pembe, hana meno ya kumtisha mtu. Ana pua tu. Na pua ile kazi yake ilikuwa moja, kutafuta penye chakula kizuri cha bei ndogo.

Sange akifika kwenye kibanda cha chakula hakuangalia viti wala mapambo. Alinusa, fii fii fii, kisha akasikiliza. Wateja wakipiga soga, Sange anapita, maana mdomo wenye nafasi ya kupiga soga hauna kitu cha maana ndani. Wateja wakinyamaza wote wameinama, Sange anaingia.

Ndivyo alivyompata Bi Nungu. Bi Nungu alikuwa nungunungu, mjane, na kibanda chake kilijificha nyuma ya kichuguu kikubwa ambako hakuna aliyepita kwa bahati. Alipika pilau, na malipo yake yalikuwa kuni. Mchana sahani moja iliuzwa kwa mzigo mzima wa kuni. Sange na mzigo mzima wa kuni wapi na wapi? Lakini alasiri, jua likishaanza kulegea, Bi Nungu hakutaka pilau yake ilale. Aligonga mwiko kwenye sufuria, ngoo ngoo ngoo, akaita, "Nusu mzigo! Nusu mzigo!" Saa hiyo sahani ile ile ilikuwa kwa nusu mzigo, tena na kikombe cha maji ya ukwaju juu yake.

Saa ya nusu mzigo ndiyo iliyowalisha wadogo. Sange alikuja, Kindi alikuja, Chura alikuja, kila mmoja na vijiti vyake. Sange alikula nusu ya sahani, nusu nyingine akaifunga kwenye jani, akawapelekea wanawe. Jani lile likikosekana, watoto walilala na njaa. Nanyi mlioshiba hapo likumbukeni jani hilo, kwa sababu ngano nzima inalizunguka.

Na ukishakula kwa Bi Nungu, yeye hukugeuzia mgongo, nawe ukachomoa mwiba mmoja uliokwisha kulegea ukachokonolea meno.

Sasa alikuwapo pia Ngiri. Ngiri alikuwa na nguvu, alikuwa na pembe mbili mdomoni, alikuwa na tumbo lisilojua basi. Pua yake ilikuwa pana lakini haikujua kitu. Yeye alikula mtoni kwa Kiboko, kwa sababu kwa Kiboko kulikuwa na viti vizuri na kulikuwa mbali kidogo, na Ngiri aliamini kwamba kizuri lazima kiwe mbali na kiwe ghali. Alilipa mizigo mizima. Mchuzi wa Kiboko ulikuwa maji ya mto yaliyopitiwa na kitunguu.

Jioni moja Ngiri anarudi kutoka mtoni, akakutana na Sange njiani. Midomo ya Sange inang'aa mafuta, mwiba uko menoni, chk chk chk.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Umekula?"

"Nimekula."

"Umekula wapi?"

"Hapo hapo tu, mjomba."

Sange akapita. Jioni ya pili Ngiri akakutana na Kindi. Midomo inang'aa mafuta, mwiba uko menoni, chk chk chk. Umekula? Nimekula. Umekula wapi? Hapo hapo tu, mjomba. Jioni ya tatu akakutana na Chura. Chura hana hata meno, lakini naye alikuwa na mwiba mdomoni anauzungusha huku na huku kwa raha.

Hapo ndipo Ngiri alipougua. Haikuwa njaa. Njaa aliijua, na tumbo lilikuwa limejaa maji ya Kiboko mpaka yanacheza akitembea, gwabu gwabu gwabu. Ulikuwa wivu. Ulimshika chini ya kifua, ukamnyima usingizi, ukamfanya aone kila mtu anatafuna. Alijiuliza, hawa wadogo wanakula kitu gani ambacho mimi sikijui? Na kwa nini wanakula bila mimi?

Kesho yake hakwenda mtoni. Alijibanza vichakani, akamwacha Sange atangulie, akaifuata ile pua mpaka nyuma ya kichuguu.

Jamani. Bi Nungu alipogonga mwiko, Ngiri alikuwa wa kwanza mbele ya sufuria, amebeba kuni za kutosha kuchoma tanuri la chokaa. Akatupa nusu mzigo, akala sahani. Akatupa nusu mzigo, akala sahani. Nusu mzigo, sahani. Nusu mzigo, sahani. Alipoinuka, sufuria ilikuwa tupu na wadogo wamesimama na vijiti vyao mikononi. Bi Nungu alisikitika, lakini kuni ni kuni, na kwa mujibu wa bei hakuna aliyedhulumiwa.

Siku iliyofuata ikawa hivyo hivyo. Na iliyofuata. Sange alirudi nyumbani bila jani. Wanawe walimnusa mikono, fii fii, fii fii, wakanyamaza. Sange aliona bora wangelia.

Usiku ule alikaa akaifikiri ile tabia ya Ngiri. Akaona kwamba Ngiri hapendi pilau. Ngiri anapenda kile anachokula mwingine. Pilau ilikuwa tamu kwake kwa sababu ilikuwa ya Sange.

Basi alasiri iliyofuata Sange alikuja mapema, akampita Ngiri aliyekuwa mbele ya sufuria, hakuitazama hata sufuria yenyewe. Akaenda uani, penye masufuria machafu ya mchana. Alimwambia Bi Nungu kwamba amemhurumia mgongo wake na angependa kumsaidia kuosha. Bi Nungu akashukuru, na kama ilivyo desturi ya wapishi wote, akamwambia ukoko wa ndani ni wake, maana anayeosha sufuria ndiye mwenye ukoko.

Mnaujua ukoko. Ni ule wali ulioshika chini na kuungua. Wengine huwapa kuku.

Sange akakwangua, kwaru kwaru kwaru. Akaufunika ukoko kwa jani. Kisha akampa Ngiri mgongo, akainamisha kichwa, akatafuna taratibu sana, kachu, kachu, kachu. Kila akitafuna alifumba macho.

Ngiri alikuwa na tonge mdomoni. Likakwama.

"Sange, unakula nini huko?"

"Hakuna kitu, mjomba. Endelea na pilau yako."

"Mbona umenipa mgongo?"

"Huku kuna kivuli, mjomba."

"Mbona umefunika?"

"Ni uchafu wa sufuria tu." Na hapo Sange alimtazama Ngiri kwa huruma kidogo, namna unavyomtazama mgeni aliyekaribishwa chai bila kuambiwa kwamba ndani kuna biriani. "Wewe kula, mjomba. Pilau nayo si mbaya."

Pilau nayo si mbaya! Ngiri alitema tonge. Akaacha sahani ikiwa imejaa, akaja uani mbio, akang'oa lile jani, akatia ukoko wote kinywani. Ulikuwa mgumu na ulikuwa mchungu pembeni. Lakini Ngiri alifumba macho kama alivyomwona Sange akifumba, na kweli, akaona utamu.

Akataka mwingine. Akataka kuununua, akaja na kuni zake zote. Sange akamweleza kwa upole kwamba ukoko hauuzwi, huo ni wa anayeosha, na bahati mbaya muoshaji ni yeye Sange. Ngiri akasema kuanzia leo muoshaji ni Ngiri. Sange akakataa. Ngiri akapandisha pembe zake. Sange akainama, akajifuta jicho ambalo halikuwa na chozi, akamwachia kikwangulio.

"Ila mjomba, ukoko wenyewe hasa uko chini ya ile sufuria kubwa," akamwambia. "Na ile haioshwi mpaka pilau iishe."

Basi hebu mwone Ngiri. Bi Nungu alipogonga mwiko, ngoo ngoo ngoo, aliyewaita wateja alikuwa Ngiri. Alisimama mlangoni akawahimiza kula upesi. Kindi akiweka kijiko chini, Ngiri anamwuliza kama anaumwa. Chura akisema ameshiba, Ngiri anamwongezea. Sange alikula sahani nzima, akafunga majani mawili ya wanawe, na Ngiri mwenyewe ndiye aliyemshikia majani.

Sufuria ilipokuwa tupu Ngiri alipiga magoti, akazamisha kichwa ndani, kwaru kwaru kwaru, kachu kachu kachu.

Ikawa hivyo kila alasiri. Wadogo walikula, watoto wa Sange walinenepa, masufuria yakang'aa hata ungeweza kujitazama. Mngesema ngano ingeishia hapa, Sange mshindi, sote twende tukalale. Ningependa iwe hivyo. Lakini Sange naye ana pua.

Alasiri moja Sange amemaliza kula, anachokonoa meno, akapita uani. Ngiri alikuwa ndani ya sufuria. Akatoa kichwa, midomo myeusi, macho yamelegea.

"Umekula, Sange?"

"Nimekula."

"Umekula nini?"

"Pilau, mjomba."

Ngiri akajilamba midomo. "Pole," akasema, akarudi ndani ya sufuria.

Pole! Sange alicheka njiani. Alijua ule ni wali ulioungua. Alijua uongo wenyewe aliutunga yeye kwa kichwa chake. Lakini ile pole ilimfuata mpaka nyumbani, ikaingia naye ndani, ikalala naye. Kwa nini anipe pole? Mbona macho yalimlegea hivyo wakati hakuna anayemtazama? Je, kama kweli kuna kitu mle chini, na mimi kwa ujinga wangu ndiye niliyempa?

Siku iliyofuata pilau haikuwa na ladha. Sange akala tonge moja. Akasikia kule uani, kachu, kachu, kachu. Akala la pili, halikushuka. Wivu ulimshika pale pale ulipomshika Ngiri, chini ya kifua. Akainuka na sahani yake haijaliwa.

"Mjomba," akasema, na sauti ilikuwa ndogo. "Hapo pembeni hapana nafasi?"

Ngiri alimfanya asubiri. Kisha akamsogezea kifuniko, kilichokuwa na punje chache zilizoungua, akamwonya asipite hapo. Sange akapiga magoti, akaingiza pua, akakwangua.

Kindi akamwona Sange. Alijua pua ya Sange haikosei, basi naye akaacha sahani akaenda uani. Chura akamwona Kindi. Punde wote walikuwa uani wamepiga magoti, wanasukumana, wanakwangua, kila mmoja anachungulia alichopata mwenzake.

Bi Nungu alibaki peke yake na sufuria kubwa iliyojaa. Tangu aanze kupika hakuwahi kukaa. Akakaa. Akajipakulia, akala. Akajipakulia tena, na ukwaju juu yake. Alipoimaliza pilau alichomoa mwiba mmoja mgongoni mwake mwenyewe, akachokonoa meno, kisha akaibeba sufuria tupu mpaka uani, akaitua katikati yao.

"Haya, na hii imekwisha," akasema. "Mkiisugua vizuri, kesho nitaunguza zaidi."

Wakamshukuru.

Ndiyo maana mpaka leo Ngiri akila hupiga magoti. Na ndiyo maana pua ya Sange haitulii, huku fii, kule fii, hata akiwa ameshiba.

Funzo la ngano hii ni kwamba kila mtu aridhike na sahani yake. Msichungulie vyombo vya wenzenu, ni tabia mbaya. Mimi sichungulii. Nimekaa hapa tangu mwanzo wa ngano na wala sijauliza kile kilichofunikwa kwa kawa kule nyuma ni nini na kitaliwa saa ngapi.

Ngano yangu imepakuliwa, sufuria nimeigeuza. Ikiwa tamu, tumekula wote. Ikiwa imeungua, ukoko ni wangu peke yangu, na asiuguse mtu.