Bi Kindi na Viti vya Fundi Kiboko

Sogeeni, lakini msinipandie miguuni. Leo nimelima tangu asubuhi, na hadithi niliyo nayo ni ya mtu aliyechoka. Basi tuchoke pamoja.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na nyumba, na mashamba, na majirani wa kuwasema, hakuna aliyelima peke yake. Mwenye shamba alitoka na ngoma zake, akazipiga pembeni, na kila aliyezisikia akaja na jembe. Majembe yalipanda na kushuka kwa mdundo mmoja, na jioni kazi imekwisha. Kulikuwa na sheria moja: ukikanyaga shamba la mtu ngoma ikilia, unashika jembe kwanza, maneno baadaye. Hata kama ulikuja kuomba moto tu.

Ngoma hazikuazimwa. Kila nyumba ilikuwa na zake, na asiye nazo aliumaliza mgongo wake mwenyewe.

Bi Kindi hakuwa nazo. Mumewe alipokufa, ndugu waliokuja kuzika waliondoka na ngoma zote, eti ni za ukoo. Sasa mvua zilikuwa zimeshika na magugu yalikuwa yameufunika mtama. Akipalilia tuta hili, lile la jana limeshaota tena. Watoto wake walikuwa wanakula mara moja kwa siku, na mtama ule ukifa, hata hiyo mara moja isingekuwepo.

Akaenda kwa jirani yake, Nyati.

"Bwana Nyati, nimechoka. Nataka kununua ngoma. Kupiga sijui, nitajifunza. Wewe zako ulizipata wapi?"

"Kwa Fundi Kiboko, kule mtoni," Nyati akasema, akaangalia pembeni.

"Ni nzuri?"

"We! Kule mtoni ililia gu-du! gu-du! mpaka meno yakanicheza."

"Na hapa nyumbani?"

Nyati akakohoa. Ngoma yenyewe ilikuwa pale uani, kubwa kama ghala, na mkewe ameanika unga juu yake. Bi Kindi akaigonga kwa kidole.

Pwe.

"Ni mvua hizi," Nyati akanong'ona. "Nikiikausha motoni inalia, lakini kabla watu hawajafika shambani imeshalegea. Usimwambie mtu, mama. Mnyama mzima kama mimi, watanicheka."

Bi Kindi hakucheka. Hata nguvu za kucheka hakuwa nazo. Alijitwisha kikapu cha karanga, cha mwisho alichokuwa nacho, akashika njia ya mtoni.

"Hodi, fundi! Shikamoo."

"Marahaba, mama. Karibu, karibu! Umekuja mahali penyewe!"

Fundi Kiboko alikuwa amezungukwa na ngoma za kila namna, zimepakwa rangi, zimefungwa shanga, zinang'aa. Ngozi zake msiniulize zilikuwa za nani. Wanyama wenyewe hawakuuliza. Katikati ya ngoma hizo palikuwa na moto mkubwa unaowaka, na jua la mchana lilikuwa kali juu ya yote hayo.

"Moto wa nini, fundi?"

"Wa mbu, mama. Mtoni hapa, mbu hawalali."

Bi Kindi alimtazama. Kiboko ni mnyama wa maji, jua tu linamchubua. Leo amekaa kitini kando ya moto mchana kweupe kwa sababu ya mbu! Na mbu atoboe wapi kwenye ngozi ile? Lakini akaendelea na lililomleta.

"Mimi ndio kwanza naanza, fundi. Nataka ngoma mbili tu, za bei nafuu."

"Mbili!" Kiboko akapiga kelele. "Mwanzo mzuri ni saba. Ukianza na kidogo, utabaki na kidogo. Sikiliza hii." Akanyanyua kiganja chake, mnajua kiganja cha Kiboko, akakishusha. GU-DU! GU-DU! Majani yakapukutika mitini.

"Nzuri. Naomba nijaribu na mimi."

"Ah-ah! Mwiko! Ngoma hujaribiwa na fundi wake. Mnunuzi akiigusa kabla ya kulipa, anaitia mkosi. Wote wanajua."

Na kweli wote walijua. Mwaka hadi mwaka wanyama walikuwa wananunua mkono wa Kiboko, halafu wanarudi nyumbani na mikono yao wenyewe.

"Basi nipigie wewe," Bi Kindi akasema, akakaa chini. "Lakini polepole, masikio yangu yamechoka."

Kiboko akapiga ya kwanza. Gu-du! Akapiga ya pili. Gi-di! Akapiga ya tatu.

"Samahani, fundi. Ya kwanza ililiaje vile?"

Akairudia.

"Na hii ya shanga?"

Gi-di! Gi-di!

"Loo, sasa ya kwanza imenitoka tena."

Wanangu, mmewahi kumuuzia kitu mtu aliyechoka? Hana haraka. Hana hasira. Amekaa tu anakutazama kwa macho mazito, na kila ukidhani mmemaliza, anasema "hebu tena". Jua likazidi kuchoma. Moto ukawaka. Mgongo wa Kiboko ukaanza kupasuka nyufa kama udongo wa kiangazi.

"Mama, umechagua?"

"Bado kidogo, fundi. Hebu tena ile ya tano, halafu ya pili, halafu zote kwa pamoja."

"Aaa! Ngoja nijimwagie maji kidogo. Usiguse kitu!" Akajitupa mtoni. Chubwi! Maji yalikuwa baridi na matamu, na baada ya kitambo Bi Kindi akasikia mkoromo. Khoro... khoro...

Akainuka. Akausukumia moto mchanga kwa miguu na mkia mpaka ukazimika. Akakaa tena, akasubiri, akasinzia kidogo. Alipoamka, unyevu wa mto ulikuwa umeshazipanda ngoma zote. Akazipitia moja moja kwa kiganja chake mwenyewe, kidogo kama ukucha.

Ya kwanza: pwe. Ya shanga: pwe. Ile kubwa kuliko zote: pwee.

Akataka kulia, akaona hata kulia ni kazi. Akajikalia kwenye kiti cha Kiboko, na mkia wake ukagonga upande wa juu.

Ti!

Akaruka. Kumbe kile hakikuwa kiti, ilikuwa ngoma ndogo iliyochakaa, haina rangi wala shanga. Akatazama huku na huku. Kando, mbali na moto, nyingine ya namna ileile imewekewa mtungi wa maji juu yake. Akauondoa mtungi. Akagonga.

Gu!

Baridi, mbichi, ndani ya unyevu ule ule. Ti! Gu! Bi Kindi akaurudisha mtungi, akakaa chini palepale alipokuwa.

Kiboko akatoka majini akichuruzika. "Mama! Bado upo?"

"Nipo, fundi. Nilikuwa nakungoja. Tuanze upya, ile ya kwanza..."

"Mama yangu mzazi!" Kiboko akashika kichwa. "Sitaki! Nenda kwako!"

"Nitaendaje mikono mitupu, fundi? Basi nipe hata hicho kiti chako, na hicho unachowekea mtungi. Kikapu cha karanga hiki hapa."

"Chukua! Chukua viti, acha karanga, uniondokee!"

Akaondoka, ti kichwani, gu mgongoni.

Kwa siku kadhaa alijifunza mdundo mmoja tu. Ti-gu, ti-gu. Watoto wakalala wakiusikia, wakaamka wakiusikia. Kisha asubuhi moja mvua ikinyesha manyunyu, akasimama pembeni mwa shamba lake akapiga. Ti-gu! Ti-gu! Sauti ikapita mabondeni. Digidigi akaja na jembe, Ngiri akaja, Nyati akaja mbio na mkewe. Majembe yakapanda, yakashuka, na ngozi hazikulegea.

Mara vishindo. Kiboko huyo, anahema, amekanyaga matuta mpaka katikati ya shamba.

"Nirudishie! Mimi nilikuuzia viti, sikukuuzia ngoma!"

Majembe yote yakasimama hewani.

"Fundi," Nyati akasema taratibu, "unasema viti vyako vinalia kuliko ngoma zako?"

Kiboko akafungua mdomo. Mnajua mdomo ule, lakini siku hiyo ilitoka sauti ndogo. Akasema, "Hizo niliziwamba nilipokuwa najifunza. Mwalimu wangu alikuwa amesimama nyuma yangu, akinifumulia kila kamba iliyolegea."

"Hayo tutayazungumza," Bi Kindi akasema. "Lakini umo shambani, fundi, na ngoma inalia."

Ti-gu.

Kiboko akatazama kulia, akatazama kushoto. Sheria ni sheria. Nyati akampa jembe lake la akiba, lile zito, akasimama naye bega kwa bega. Wakalima mpaka jua likainama.

"Mama," Kiboko akalalamika, "nimechoka."

"Najua, fundi," Bi Kindi akasema, naye amekaa kwa mara ya kwanza tangu mvua zianze. "Hebu tena tuta lile."

Nami nimefika mwisho wa tuta langu, wanangu. Shikeni hili: mwamba ngoma huvutia kwake, basi mnunuzi aipige kwa mkono wake.