Kakakuona Aliyejikunja Barazani

Ngano yangu inabisha hodi!

— Ingia, mkeka umetandikwa!

Nimesema inabisha hodi, mbona mmesinzia?

— Ingia, mkeka umetandikwa!

Haya. Hapo zamani, zamani za kale, wanyama walipokuwa na lugha moja na mvua ikiwa bado na adabu ya kuja kwa wakati wake, kulikuwa na kikosi cha wachimba visima. Nyapara wao alikuwa mzee Muhanga. Chini yake walikuwapo Nyegere, Ngiri, Fuko na Kakakuona.

Siku hizo zilikuwa siku, jamani. Jua likifika utosini, kazi inasimama. Wote wanakaa ukingoni mwa shimo na kula walichonacho. Mzee Muhanga anafuta udongo puani, anaanza, "Nilipokuwa kijana kama ninyi..." na wenzake wanacheka mpaka wanapaliwa.

Baraza likiitwa, mzee Muhanga ndiye aliyesimama mbele ya Mfalme Simba akasema. Kakakuona alikaa nyuma, akasikiliza, akaridhika. Kuchimba alikujua kuliko wote. Kusema mbele za watu, hapana. Macho yakizidi kumi tu, mwili wake wenyewe unajikunja, anageuka mpira wa magamba.

Basi mzee Muhanga akafa. Wakamzika, wakalia, kisha kikosi kikamchagua Kakakuona awe nyapara.

"Mimi?" akashtuka.

"Sasa nani mwingine?" akasema Nyegere. "Wewe ukigusa udongo tu unajua chini kuna nini."

Kakakuona akakubali. Lakini alimlilia mzee wake mara mbili: mara moja kwa kuwa amekufa, na mara ya pili kwa kuwa sasa nani atasema?

Mwaka ule mvua haikuja. Mto ukakauka, vidimbwi vikakauka, hata umande ukakauka. Mfalme Simba akaamuru kisima kichimbwe katika Bonde la Mikwaju, na kila nyumba itoe chakula cha wachimbaji. Wakachimba huku wakiimba:

*Chimba chini, chimba chini,*
*maji hayapigi kelele;*
*chimba chini, ndugu yangu,*
*mwenye kiu hana lepe.*

Wakachimba mwezi mzima. Wakachimba mwezi wa pili. Wakakuta mwamba, wakauzunguka. Ukuta ukamwangukia Fuko, wakamfukua mkono umevunjika. Maji bado.

Hapo Fisi akaanza kupita nyumba kwa nyumba. Fisi alikuwa na sauti nene na maneno laini. "Jirani zangu," alisema, "chakula chenu kinaishia shimoni. Maji mmeyaona? Wafukuzeni wale. Nipeni mimi shimo lile, nilimalize, kisha nililinde." Hakusema alichokitaka moyoni: kwamba kila atakayekuja kunywa apite kwanza mbele ya meno yake.

Mfalme akaita baraza. Wanyama wakajaa.

"Nyapara," akasema Simba, "simama utueleze. Maji yako wapi?"

Kakakuona akasimama. Akaona macho ya Swala, macho ya Nyati, macho ya Twiga kutoka juu. Akainamisha kichwa, akavuta mkia, *kukuruku*, akajikunja. Mpira ukabingirika mpaka miguuni pa Tembo.

Kicheko kikalipuka. "Mnaona?" akasema Fisi. "Asiyesema hana la kusema!"

Chakula cha wachimbaji kikapunguzwa nusu. Njia nzima ya kurudi Nyegere alitembea mbele, peke yake.

Baraza la pili lilipoitwa, Kakakuona akamwendea Kasuku. "Ndugu yangu, nisemee. Waambie tumefika kwenye udongo mgumu, tunahitaji muda."

Kasuku alipenda kushangiliwa. Alipoona nyuso za watu zimekunjamana, akatia chumvi. "Kesho!" akapaza sauti. "Nyapara anasema kesho mtaoga!"

Watu wakapiga vigelegele. Kesho yake wakaja na vibuyu, wakakuta vumbi. Siku ile Kakakuona aliitwa mwongo na watu aliowachimbia visima tangu ujanani.

Mfalme akatoa neno la mwisho. "Baada ya siku tatu kuna baraza la tatu. Nyapara asiposema kwa kinywa chake mwenyewe, shimo ni la Fisi."

Kakakuona akaenda kwa mjane wa Muhanga, akamkuta akitwanga. "Mama," akasema, "angekuwapo mzee, haya yasingetufika. Yeye alizaliwa na maneno."

Mjane akaacha mchi. Akacheka, kisha machozi yakamlengalenga. "Muhanga huyu wangu? Mwanangu, kila asubuhi ya baraza alitapika nyuma ya nyumba. Alinitetemekea mikononi kama kifaranga. Hukujua, kwa sababu ulikuwa ukimwona akishatoka."

Kakakuona akauliza, "Sasa aliwezaje?"

"Alikuwa akinieleza mimi kwanza, hapa hapa kwenye kinu. Haya, nieleze wewe. Usinihutubie. Leo mmefanya nini?"

Kakakuona akamweleza habari za mwamba, za Fuko, za udongo ulivyobadilika rangi. Maneno yakatoka taratibu. Kesho yake mjane alikuwa amewaita jirani wawili. Kakakuona akajikunja nusu, kisha akajikunjua, akaeleza. Siku ya tatu walikuwa saba. Alikwama katikati, akaomba maji ya kunywa, akaendelea. Hakuna aliyecheka.

Siku ya baraza, kabla ya kutoka, alitapika nyuma ya nyumba. Akafuta mdomo, akaokota bonge la udongo wa shimoni, akaenda.

"Nyapara, simama," akasema Simba.

Akasimama. Macho yakawa mengi kama mchanga. Mgongo ukaanza kupinda, mkia ukaanza kuvutwa. Ndipo akamwona Swala mmoja, amembeba mtoto ambaye midomo yake imepasuka kwa kiu. Kakakuona akamtazama yule mama tu, akaanza kumweleza kana kwamba wako kwenye kinu.

"Mama, Kasuku alikwambia kesho. Si kweli. Nilipaswa kusema mwenyewe, nikaogopa. Unisamehe."

"Paza sauti!" akapiga kelele Fisi. "Hatusikii!"

"Asiyesikia asogee," akasema Simba.

Wanyama wakasogea. Tembo akaacha kupepea masikio.

"Tumechimba miezi miwili," akasema Kakakuona. "Juu udongo ulikuwa mwekundu. Tukakuta mwamba, tukauzunguka. Hapo ndipo Fuko alipovunjika mkono. Siku ya maji siijui, na sitawadanganya tena. Lakini shikeni huu. Umetoka chini kabisa."

Bonge likapita mkono kwa mkono. Lilikuwa jeusi, na lilikuwa baridi. Mama Swala akaliweka kwenye midomo ya mwanawe.

"Maneno ya hadithi!" akasema Fisi. "Shimo lile nalijua mimi."

Kakakuona akamgeukia. Sauti yake ilitetemeka, ila haikukatika. "Baada ya mwamba, Fisi, chini ya udongo mweusi, tumekuta nini?"

"Mchanga mweupe!" akajibu Fisi bila kufikiri. "Nimeushika kwa mikono yangu jana!"

"Udongo mweusi hatujaumaliza," akasema Kakakuona. "Hakuna mchanga. Na jana Ngiri alishinda mdomoni mwa shimo, hukushuka."

Simba akamtazama Fisi mpaka Fisi akainamisha kichwa. "Wewe unayejua kisima," akasema Mfalme, "kuanzia leo utabeba udongo wao." Akabebeshwa vikapu kiunoni, kikapu juu ya kikapu, ndiyo maana mpaka leo Fisi nyuma ameshuka.

Chakula kikarudishwa. Wakachimba siku moja, ya pili, ya tisa. Siku ya kumi na moja Nyegere akapiga kelele kutoka chini: miguu yake ilikuwa imelowa. Mtoto wa Swala ndiye aliyenyweshwa wa kwanza.

Kakakuona hakugeuka msemaji wa kusifiwa. Kila asubuhi ya baraza tumbo lilimuuma, akapitia kwanza kwa mjane wa Muhanga. Lakini alisimama, na watu walizoea kusogea.

Wanangu, ngano inasema hivi: ukipewa kazi ya watu, isemee kwa kinywa chako mwenyewe, maana usiposema, atasema mwingine. Na hofu si aibu. Mtazame mmoja, umweleze kweli, wengine watasikia.

Bibi yangu aliyenipa ngano hii alikuwa na sauti ndogo sana. Tulikuwa tukisogea, tukisogea, mpaka magoti yetu yanagusana. Natamani kusogea vile tena.

Hapo ndipo nilipoipokea, na hapo naitua. Ikiwa tamu, mkawaonjeshe wenzenu; ikiwa chungu, nirudishieni mwenyewe.

— Tamu! Tumeipokea!