Akiba ya Kunguru

Sogeleaneni, wanangu; ngano hii haitaki mtu aketi peke yake.

Zimwi lilijigeuza kunguru, likamwiba Kibibi, likamfukia hai mchangani kama kunguru afukiavyo karanga za kesho. Mama yake, Mwanakheri, hakujua achimbe wapi. Lakini alijua kwamba kunguru akionwa anaficha chakula, hukihamisha. Akaketi, akalikodolea macho.

“We mama, unatazama nini?”

“Natazama ulipoficha.”

Likaingiwa na wasiwasi. Likachimbua mfupa wa mbuzi, akatazama. Likachimbua kichwa cha samaki, akatazama. Likamchimbua Kibibi, angali akipumua. Mama akamnyakua, akakimbia naye nyumbani, akamficha uvunguni mwa kitanda.

Alipoinua macho, kunguru alikuwa dirishani, anatazama.

Ngano yangu imeishia hapo. Mwanakheri hadi leo anahama nyumba.