Siku Ngiri Alipofagia Kioo cha Kompyuta

Paukwa.

Pakawa.

Wakubwa wameitikia, watoto wananitazama tu. Tena. Paukwa.

Pakawa.

Haya. Hapo zamani za kale, lakini si kale ile ya babu wa babu, maana kompyuta zilikuwa zimeshafika mwituni, kulikuwa na ukame. Mto ukakauka. Bwawa likakauka. Kikabaki kisima kimoja mbele ya pango, na kisima hicho kilitoa maji ya ukoo mmoja kwa siku. Ukoo mmoja, basi.

Wanyama wakapanga zamu. Leo ukoo huu, kesho ukoo ule. Korongo, aliyezoea kuruka hadi mjini na kurudi, akaleta kompyuta na paneli ya sola. Kompyuta ikawekwa pangoni, orodha ya zamu ikaandikwa humo. Na sheria ikatungwa: ikifika saa sita mchana na mwenye zamu hajajulikana, atakunywa aliyetangulia kisimani.

Korongo akawafundisha siku moja. Akasema, "Uwanja huu wote mnaouona kwenye kioo ndio eneo-kazi. Hizi picha ndogo zenye majina chini yake ni aikoni, na kila moja ni mlango wa kitu. Kishale hiki kinafuata mkono wako ukisogeza kipanya. Upau huu wa chini unaonyesha mlichokifungua. Na hapa pembeni, chini kulia, ni saa."

Wanyama wakasema, "Tumeelewa."

Hawakuelewa. Walishika jambo moja tu: bofya mara mbili picha ya tatu kutoka juu, orodha itatokea. Ta-ta. Wakaenda zao.

Aliyebaki ni Kakakuona. Mwoga yule, ukikohoa karibu yake anajikunja mviringo. Lakini alibaki, akauliza. "Hiki ni nini?" Akajibiwa. "Na hiki? Na nikikifunga, kinakwenda wapi?" Akajibiwa. Hata Korongo alipokwisha kuruka zake, Kakakuona alikuja kila siku, akakaa nyuma ya mlinzi wa kompyuta wa wiki ile, hagusi kitu, anataja majina kwa sauti ndogo kutoka kona hadi kona. Aikoni. Folda. Pipa. Upau. Saa.

Wakamcheka. Wakamwita Bi Maswali.

Sasa sikilizeni. Ikafika wiki ya Ngiri kuwa mlinzi. Na kwa kina Ngiri, msicheke, uwanja hufagiwa kabla mgeni hajapiga hodi. Jani moja likionekana ni aibu ya ukoo mzima. Asubuhi ya Jumatano Ngiri akawasha kompyuta. Akautazama uwanja wa kioo. Akaona picha zimetapakaa, moja huku, nyingine kule.

"Lahaula," akasema. "Watu waje kusoma zamu kwenye uwanja kama huu?"

Akashika kipanya. Akabonyeza picha ya kwanza, hakuachia, akaiburuta mpaka kwenye pipa la taka, kona ya juu kulia. Fyaa. Ya pili, fyaa. Ya tatu, fyaa. Na folda zote, fyaa, fyaa, fyaa. Uwanja ukabaki mweupe, na pipa peke yake. Ngiri akarudi nyuma hatua mbili, akainamisha kichwa upande, akaridhika.

Saa tano na nusu akaja Mama Pimbi na watoto wanne, midomo imewapasuka kwa kiu. Akamkuta Nyati amesimama mlangoni mwa pango, kichwa ndani, miguu ya nyuma ukingoni mwa kisima.

"Bwana Nyati, leo zamu yangu."

"Leo yangu, Mama Pimbi."

"Basi orodha itatuamulia. Mzee Ngiri, tusomee."

Ngiri akabofya mahali pa picha ya tatu. Ta-ta. Kimya. Akabofya tena. Ta-ta. Kimya.

"Orodha iko wapi?" Mama Pimbi akauliza.

"Uwanja ulikuwa mchafu. Nimefagia."

"Umefagia orodha?"

"Nimefagia uwanja."

Nyati akacheka mpaka pembe zikagonga mwamba. "Mpeni hongera yake. Orodha hakuna, zamu hakuna. Na aliyetangulia kisimani mnamwona, haya makalio ni ya nani?"

"Bwana Nyati, watoto hawa hawajaonja maji tangu juzi."

"Na ndama wangu wanakunywa umande?"

Jasho likamtoka Ngiri. Akasema, "Basi, niimalize kazi yangu. Kwetu taka zikifagiwa huchomwa, upepo usizirudishe. Hapa kwenye pipa pana neno, Ondoa Vyote." Akaanza kusogeza kishale.

"Usibofye."

Sauti ndogo. Wakageuka.

"Nani huyo?" Nyati akauliza.

"Mimi."

"Mimi nani? Naona nanasi."

Kakakuona, aliyeingia wakati wakibishana, alikuwa amejikunja nyuma ya Ngiri, anasema kutoka ndani ya magamba yake. "Kilichotupwa pipani hakijafa. Kimewekwa tu. Ukichoma, hapo ndipo kinapokufa. Mzee Ngiri, naomba uondoe mkono."

Ngiri akaondoa mkono. Saa ya kioo, chini kulia, ilisema saa tano na dakika arobaini.

Kakakuona akajikunjua. Akasogea mbele, akaweka kucha zake juu ya kipanya. Nanyi mwitikie: taratibu kishale, taratibu.

Kishale kikaondoka katikati, kikapanda, kikafika kwenye pipa. Taratibu kishale, taratibu. Ta-ta. Dirisha likafunguka, na ndani yake vyote vilivyofagiwa vimepangwa safu safu, kila kimoja na jina lake.

"Kumbe pipa lina ndani," Ngiri akasema.

Kakakuona akaitafuta orodha. Akaibofya kwa kitufe cha kulia cha kipanya. Menyu ikashuka. Maneno mawili yamekaa jirani: Rejesha, na chini yake, karibu kabisa, Futa Kabisa. Akaondoa kucha, akazifuta kwenye mchanga, akazirudisha. Akasoma upya, herufi kwa herufi, wala hakuona haya kusoma mara ya tatu. Taratibu kishale, taratibu. Rejesha. Ta.

Aikoni ikarudi uwanjani, mahali pake palepale. Ta-ta, dirisha la orodha likafunguka. Lilianzia wiki za nyuma. Kakakuona akashika upau wa pembeni, akauteremsha. Jumapili. Jumatatu. Jumanne.

"Nami nione," Nyati akasema, akaingiza pua. Pua ikasukuma kipanya. Kishale kikaruka juu, kikaangukia kile kistari kidogo kilicho jirani na alama ya kufungia. Ta. Dirisha likatoweka.

"Imekufa," Nyati akasema, na safari hii hakucheka. "Mashahidi mpo. Sikukusudia."

Saa tano na dakika hamsini na saba. Mtoto mdogo wa Pimbi akaanza kulia, na hakuwa na machozi.

Kakakuona hakujikunja. Akasema, "Mimi hula mchwa. Kichuguu kikinyamaza sisemi mchwa wamekufa. Hutafuta wametokea wapi." Akateremsha macho hadi upau wa chini. Na pale, kati ya vitu vingine, jina la orodha limekaa, linasubiri. "Haikufungwa. Imeshushwa tu." Taratibu kishale, taratibu. Ta.

Dirisha likainuka. Wote wakasoma. Jumatano, ukoo wa Pimbi. Alhamisi, ukoo wa Nyati.

Nyati akasoma mstari wa kwanza. Akasoma wa pili.

"Kesho," akasema. "Nilihesabu vibaya." Akaondoa mguu mmoja ukingoni mwa kisima, kisha wa pili. "Piteni, Mama Pimbi."

Watoto wakainama. Gubi, gubi, gubi. Wanne wakanywa mpaka matumbo yakawa ngoma. Mama yao akanywa mwisho, akanywa na macho amefumba.

Na pangoni Kakakuona alikuwa bado ameketi, anatoa vitu pipani kimoja kimoja, kila kimoja anakirejesha kwenye nafasi yake, sawasawa, bila kuruka hata kimoja. Wanyama wakasimama nyuma yake wanamtazama. Twiga alipinda shingo saa nzima asipitwe. Ndama wa Nyati waliketi mbele kabisa, na Ngiri kando yao, anataja majina kwa kufuatisha, akikosea anaanza upya.

Kwa hiyo, wakubwa kwa wadogo: usiondoe kitu ambacho hujui kazi yake, hata kama mikono yako ni safi. Na anayeuliza jina la kila kitu msimcheke, kwa sababu anajifunza kwa ajili yenu nyote.

Hadithi yangu imeishia hapo, ukingoni mwa kisima. Mimi nimenyamaza, mwenye yake na aseme.