Mawe Yanayongoja Wimbo Uishe

Sogeeni karibu, na wewe mgeni uliyekuja kupima mawe yetu kwa kamba, pumzika kidogo usikie yalivyofika pale.

Enzi hizo kisiwa hiki hakikuwa na mahali pake. Kilielea tu ziwani. Upepo ukivuma, nacho kinakwenda. Ulikuwa ukivuka kwenda bara kusalimia wakwe, ukirudi unakuta maji matupu. Mawe nayo yalitembea, tena yalipenda ngoma kupita kiasi. Yakisikia mtu anaimba, yameshafika.

Aliishi hapa mama mmoja, Nyangeta. Binti yake mkubwa alijifungua bara kisiwa kikiwa mbali, na bibi akaja kumwona mjukuu anakimbia tayari. Uchungu huo haukumtoka. Basi siku moja kisiwa kikiwa kimesogea bara, akaitwa kwa sauti kutoka ng'ambo: binti yake mdogo, Nyasatu, ameshikwa na uchungu wa kuzaa, tena hali si nzuri. Papo hapo upepo ukaanza. Akivuka, kisiwa kitaondoka na wanawe wadogo. Akibaki, Nyasatu atakuwa peke yake.

Sasa hapa ndipo ninapopapenda! Nyangeta alipanda kilimani mbio, akaanza kuimba. Ngoma zetu zina sheria: aliyeingia duarani hatoki mpaka aliyeanzisha wimbo aumalize. Mawe yakaja yakisukumana, marefu kwa mafupi, yakamzunguka. Yalikanyaga kwa furaha hadi ardhi ikatoboka, miguu ikazama, ikapenya kisiwa chote na kugota chini ya ziwa. Kisiwa kikasimama tuli.

Nyangeta akaukata wimbo katikati, akakimbilia mtumbwi.

"Mama, hujamaliza," jiwe moja likamwita.

"Ningojeni, wanangu. Kuna mtoto anakuja."

Alipiga kasia kama kichaa, akafika, akampokea mjukuu kwa mikono yake mwenyewe, na Nyasatu akapona. Aliporudi aliyatazama mawe, akayaonea huruma kweli, maana alikuwa ameyaahidi. Kisha akawatazama wanawe, akafunga mdomo.

Na tangu siku hiyo mawe yamesimama pale katika duara, yakingoja. Nasi tukicheza pale, hakuna anayethubutu kumaliza wimbo. Tunaukata katikati na kwenda zetu. Na mama yeyote wa hapa akiitwa na binti yake ng'ambo, anaacha hata chungu motoni, anavuka.