Filimbi ya Marehemu Ilipokosana na Mashangazi

Hapo zamani za baridi kali, huko milimani, bibi harusi hakuvuka kizingiti cha kwao mpaka filimbi ya baba yake ipigwe, nao mashangazi waimbe kwa sauti ileile. Sauti zikikosana, baba amekataa.

Baba yake Navoneiwa, bibi harusi wetu, alikuwa ameshafariki. Filimbi yake ya bati ilibaki, na kaka mtu, Kangero, ndiye aliyepewa kuipiga.

Siku ya harusi Kangero akaitia mdomoni, akapuliza. Lahaula! Filimbi ikapanda juu, ikawaacha mashangazi chini, ikalia kama mbuzi aliyekanyagwa. Wimbo ukakatika. Navoneiwa, mguu mmoja ushainuka, akaurudisha ndani.

"Baba hataki," akasema. Akatia komeo.

Wakwe wakainuka. Kangero akaishusha filimbi.

Baba mdogo Mrindoko akashika kichwa. "Mungu wangu, ni mimi! Alfajiri niliijaribu. Bati baridi kama jiwe la mtoni, sauti iko chini. Nikasukuma kichwa cha filimbi, kile cha kupulizia, ndani kidogo, sauti ipande. Nilitaka kusaidia tu."

"Mbona hukusema?" Shangazi Nakijwa akang'aka. "Mimi nikaifuta vizuri, nikaifunga kifuani ndani ya kanga ipate joto, kama marehemu alivyofanya siku zote. Bati likipata joto, sauti hupanda yenyewe!"

"Na wewe ulimwambia nani, dada?"

Nakijwa akamgeukia Kangero.

"Nawe mpigaji, masikio umeazima?"

"Ninayo, shangazi. Pumzi ya kwanza tu nilijua. Ilikuwa nivute kichwa nje kidogo, basi. Lakini mbele ya wakwe, niinyonge filimbi ya marehemu kama kuku? Niliona haya. Mungu anisamehe, nikazidi kupuliza."

Sasa, mlango wa namna ile hufunguliwa mwenye kosa akigonga, akapiga magoti, akaomba radhi. Hugonga mmoja, mara moja. Akigonga asiyehusika, harusi imekufa. Na ndani, Navoneiwa analia akimwita baba yake.

Mrindoko akapiga hatua, akasita. Nakijwa akapiga hatua, akasita. Kangero akainua mkono, ukamganda hewani. Mama wa bwana harusi tayari anajitanda aondoke.

Je, nani alistahili kugonga? Nijibu, ndugu yangu, na unijibu upesi.